Mgeni Wangu Yuko Jikoni

Mwezi wa tatu mwaka huu, Siku ya Wanawake, waliniita mbele kwenye uwanja wa shule huku Nyamahanga wakanifunga kitenge juu ya gauni. Ndiyo, nilivaa gauni, maana mkuu wa shule alinikataza kabisa kuja na suruali ya kazi. Wakanipa na cheti kwenye fremu. Mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti kwamba mimi ni mwanamke wa mfano, kwamba nimeezeka bweni la wasichana kwa mikono yangu, kwamba nimevunja miiko. Watu wakapiga makofi. Wasichana wa bwenini wakapiga vigelegele mpaka mwalimu wa zamu akawanyooshea kidole.

Mimi nilikuwa natazama kiti. Kila mwanamke aliyepewa zawadi siku ile aliwekewa viti viwili, chake na cha mzazi wake. Kulia kwangu alikaa muuguzi wa zahanati, na kiti chake cha pili kilikuwa na bibi mmoja anayesinzia huku ameshikilia mkoba wa binti yake. Kiti changu cha pili kilikuwa kitupu, mpaka mtu akaona bora aweke juu yake chupa za maji. Na baba yangu yu hai. Yuko Kibimba, wilaya ya Ngara, safari ya nusu siku tu kutoka hapa. Lakini nilikuwa sijaongea naye kwa misimu miwili ya mvua, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sitaongea naye tena.

Walinipa kipaza sauti niseme neno. Nikasema "Asanteni," nikashuka. Ningejua wakati ule haya ninayoyajua sasa, ningekishikilia kile kipaza sauti mpaka betri iishe. Eti nimevunja miiko! Mimi sikuvunja mwiko wowote. Mimi niliukimbia, nikaja kuezeka nyumba za watu wasionijua.

Mwiko wenyewe ni huu. Kwetu, mtoto wa kike hapandi juu ya paa la nyumba ya baba yake. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Paa ni kichwa cha mwenye nyumba, na binti akilikanyaga baba akiwa hai, amemkanyaga kichwani na amemtangaza marehemu. Mtoto wa kiume apande, fundi wa kukodi apande, hata paka apande. Nikamuuliza bibi, "Na paka jike je?" Nilichapwa, na hadi leo sijajibiwa.

Baba alinilea peke yake tangu mama afariki nikiwa darasa la tatu. Kaka zangu wawili walikwenda Kahama kutafuta maisha, na walipoyapata hawakurudi nayo. Tukabaki baba na mimi, na shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya migomba yetu na masikio yake yako kwetu. Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wangu wa hisabati alikuja nyumbani kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Akamwambia baba, "Mzee, huyu mtoto usimwache akae. Kuna chuo cha ufundi kinachukua wasichana." Baba akauliza kama chuo kina uzio. Akaambiwa kinao. Akakubali, akaenda kuchuma kahawa.

Sikumdanganya. Hakuniuliza ninakwenda kusomea nini. Kichwani mwake ufundi wa msichana ulikuwa mmoja tu, cherehani. Akafunga tranka langu kwenye baiskeli, akaisukuma hadi barabarani, na njia nzima alikuwa ananieleza namna ya kutunza sindano. Sindano! Na mimi nimo, "Ndiyo, Data, ndiyo, Data." Data ndivyo sisi Wahangaza tunavyomwita baba.

Niliporudi mwisho wa masomo akanipokea begi, akaona lina uzito, akaona halina umbo la kitu anachokijua.

"Cherehani iko wapi?"

"Sikusomea cherehani, Data. Nimesomea kuezeka."

Akala maharage yake ya jioni mpaka yakaisha. Shangazi, aliyekuwa amekuja kuonja, naye akainamia sahani yake, jambo ambalo si la kawaida. Kisha baba akauliza, "Huko juu huoni kizunguzungu?"

"Sioni."

"Mama yako alikiona hata akipanda kitandani," akasema, akacheka peke yake. Asubuhi nikamkuta uani ameketi na kisu, anachonga mpini mpya wa nyundo yangu kwa mti wa mkahawa, maana ule wa chuoni aliuita takataka. Mpini huo ndio ninaoushika mpaka leo. Hakusema nimekubali wala nimekataa. Alichosema ni kwamba nyumba za watu ni za watu, nizipande nitakavyo, ila pale nyumbani nikumbuke niko kwa nani.

Kazi Ngara sikupata. Watu walikuwa wanamheshimu baba mno kiasi cha kunikataa. Yule mwalimu wa hisabati ndiye aliyeniita hapa Nyamahanga, Biharamulo, alipohamishiwa huku kuwa mkuu wa shule. Wanafunzi wake wa kike walikuwa wanapanga vyumba mitaani, wanapika wenyewe, wanafuatwa na wanaume jioni, na kila mwaka wengine walikuwa hawamalizi. Akahangaika mpaka bweni likaanza kujengwa. Kuta zilipofika juu akasema paa la wasichana atalipandisha msichana, na ambaye hataki aje amweleze yeye. Mafundi wanaume hawakumweleza. Walinieleza mimi, kila siku.

Siku ya kwanza walinipa nipandishe kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, ya upande wa upepo, waone nitakavyolia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikapanda, nikagongomea papi, zile mbao za kushikia mabati, moja baada ya nyingine, na mchana walipokaa kula sinia moja la ugali hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Mama lishe akaniletea sahani yangu peke yangu, na tangu siku hiyo nikala peke yangu. Sikuwachukia. Nilichokichukia ni ule ukimya wa kutafuna ukiwa huna wa kumwambia kwamba chumvi imezidi. Nimepanga chumba katika boma la familia ya Wasukuma, watu wema, wana ng'ombe na kelele nyingi. Wakiniona narudi mama mwenye nyumba huniita, "Kalibu, fundi!" na mimi hujibu nimeshiba hata kama sijala. Sijui kwa nini. Pengine mtu ukizoea sahani yako peke yako, sinia linakuogopesha.

Kiangazi cha mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nikakuta mabati ya baba yameoza kwa kutu, matundu yake ukiyahesabu utachoka. Sebuleni palikuwa na beseni, ndoo mbili na sufuria ya mama, vyote vimebaki mahali pake tangu mvua za masika, na mzee anapita katikati yake kama mtu anayekwepa vifaranga. Mimi hapo nimetoka kufunika bweni zima la watoto wa watu.

"Data, kesho nakuletea mabati. Siku mbili tu."

"Fundi nani?"

"Fundi si huyu?"

Akatikisa kichwa. Alisema taratibu kwamba yeye bado yu hai. Nikacheka. Nikasema haya mambo yamepitwa na wakati. Akasema wakati haujamwambia. Nikabembeleza, nikanuna, nikabembeleza tena, siku tatu. Ya nne hasira zikanipanda, na zangu zikipanda hazitaki ngazi. Nikasimama uani, shangazi anasikia, majirani wanasikia, nikamwambia baba yangu mzazi, "Basi kaa na mwiko wako, mvua ikuoshe!"

Nikabeba begi nikaondoka. Hata mkono sikumpa.

Hasira hasara. Wiki tatu nzima nilikuwa nikipiga msumari naisikia ile sentensi. Wiki ya nne nikaomba ruhusa, nikanunua kilo tano za sukari, nikapanda gari kwenda kuomba radhi. Nimeshuka kwenye bodaboda naona mlango wa nyumba yetu umefungwa kwa nje, uwanja umefagiliwa, na kitanda cha baba kimetolewa. Kilikuwa jikoni, lile jiko letu dogo la nje, la nyasi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye gogo, khanga mdomoni.

"Mawe, mama yangu! Umekuja kuona ulichokifanya?" akasema. "Kaka yangu amehama. Amesema nyumba ile si yake tena. Amevaa koti ameondoka tangu asubuhi, hataki hata kuniambia anakokwenda."

Lazima mtu ajue kwetu hilo lina maana gani. Mzazi akitoa kitanda chake ndani ya nyumba kwa sababu ya mtoto, hiyo ni laana. Hasemi neno, anahama tu. Nilishaona kwa macho yangu mzee mmoja kijijini kwetu akimhama mwanawe mlevi, na mpaka alipokufa hakunywa maji ya mkono wa yule kijana. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikaweka sukari mlangoni pa jiko, nikamwambia bodaboda ageuze. Shangazi akapaza sauti ningoje. Ningoje nini? Ningoje baba arudi anipite kana kwamba mimi ni mti?

Njiani nikaifungia namba ya shangazi ili asinipate. Baba hana simu, na kuazima ya mtu ili kubembeleza mtoto si tabia yake.

Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Bweni likafunguliwa. Niliwaona wasichana wakiingia na magodoro kichwani siku ya kwanza, wanagombea vitanda vya juu, na mvua ilipoanza kugonga mabati yangu mmoja akapiga kelele, "Haivuji!" Kila mtu alifurahi. Nilisimama nje chini ya upenu nikafurahi pia, kisha nikawaza sufuria ya mama inajaa. Kila mvua iliyonyesha Nyamahanga niliihesabu kwamba inanyesha na Kibimba. Nikapewa nyumba nyingine, na nyingine, kazi haikunikosa. Nikirudi chumbani naweka nyundo juu ya meza nautazama ule mpini. Nilikuwa na upweke wa ajabu, upweke wa mtu ambaye watu wote wanamsifu. Usiombe.

Ndiyo maana siku ile ya kitenge nilishuka na "asanteni" moja. Nikaenda nyuma ya darasa la kidato cha pili nikavua viatu vya kuazima. Mkuu wa shule akanifuata na daftari.

"Nilimpigia mtendaji wa kijiji chenu," akasema. "Nilitaka mzee aje akae kwenye kile kiti. Mtendaji akamfuata na simu nikaongea naye mwenyewe."

"Nani alikutuma?"

"Nyamaza. Ameniambia hawezi kuja, hakuna wa kulinda nyumba. Akasema kuna maneno nikufikishie kama yalivyo, nikayaandika." Akafungua daftari, akasoma: "Mwambie mwenye nyumba kwamba mvua zimekuwa kubwa, na mgeni wake bado yuko jikoni, anangoja ruhusa."

"Mwenye nyumba ndiyo nani?" nikauliza. Nikamfikiria yule mama wa Kisukuma ninayepanga kwake.

Mwalimu aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipokosea jibu ubaoni. Akangoja nirudie hesabu mwenyewe. Nikairudia. Nyumba si yake tena. Mgeni. Ruhusa. Nikakaa chini palepale kwenye nyasi na kitenge changu kipya.

Alfajiri nilikuwa kwenye basi. Lusahunga nikangoja gari jingine huku malori ya kwenda Rwanda yakinirushia maji ya barabarani, kila dakika naona saa nzima. Ngara mjini nikachukua bodaboda, tukateleza kwenye tope mpaka Kibimba. Baba alikuwa mlangoni pa jiko anamenya ndizi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Data."

"Marahaba." Akamenya nyingine akaimaliza. "Umechelewa."

Akaingia ndani akainama chini ya godoro, akatoka na bahasha iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ndani ilikuwa karatasi ya kijiji yenye muhuri na alama za dole gumba za mashahidi wawili. Nyumba na kiwanja chake vimetolewa kwa binti, akiwa na akili zake timamu, bila kulazimishwa. Na jina langu, majina yote matatu.

"Niliwaendea wazee," akasema. "Nikawauliza, binti anaweza kupanda nyumba ya baba? Wakasema hawezi. Nikauliza, na nyumba yake mwenyewe je? Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuuliza. Basi nikatoa kitanda changu ili mtu asije akasema mwenye nyumba bado ni mimi, nikaenda kwa mtendaji kuandikisha. Kurudi nakuta sukari. Nikasema, ameona nimehama na bado ameikataa nyumba."

"Kwa nini hukuniita?"

"Mtu ukimpa kitu akakuwekea sukari mlangoni akaondoka, unamwitaje?"

"Na misimu miwili hii, kwa nini hukutafuta fundi mwingine, Data? Mtu yeyote?"

Akanishangaa kweli kweli. "Nyumba ya mtu unaiezekaje mwenyewe hajasema?"

Nililia, sitaki kuwadanganya. Nililia kwa sauti, majirani wakaja kuchungulia wakidhani kuna msiba. Niliomba radhi kwa yale maneno ya mvua ikuoshe, na baba akasema ilimwosha kidogo tu, upande wa miguu. Kisha akaitoa ile sukari. Hakuigusa muda wote huo, imeshikana ikawa jiwe. Tukaivunja kwa nyundo yangu, tukanywa chai.

Mabati yakaja kwa gari dogo la kirikuu kesho yake. Nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda vidato vitatu, na mimi nisiyejua kizunguzungu nikakiona. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Shangazi alikuwa amejifunika khanga uso mzima. Nikashika ngazi kwa mikono miwili nikashindwa kuinua mguu.

"Panda," baba akasema kutoka chini. Alikuwa ameshika mfuko wa misumari. "Ni kwako."

Nikapanda. Nikang'oa bati la kwanza likavunjika mkononi. Nilipofika karibu na kofia ya paa, kule kileleni, nikageuka, nikaliona jiko kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani. Lilikuwa fupi kuliko kitanda. Mlango haukuweza kufungwa, kwa sababu miguu ya kitanda ilikuwa imetokeza nje, na godoro upande ule lilikuwa jeusi kwa ukungu. Upande wa miguu. Misimu miwili mzee yule amelala miguu nje, hatua kumi kutoka nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa heshima ya mtoto aliyemtukana. Wasichana wangu wa Nyamahanga walikuwa wakavu wakati huo, na mimi nilikuwa napigiwa makofi. Nikafanya kazi bila kuinua uso, maana ningeinua watu wangeona.

Siku ya pili, kabla ya mvua ya alasiri, nilipigilia msumari wa mwisho. Watu walikuwa wameshatawanyika. Nikashuka, nikafungua mlango, nikatoa beseni, ndoo na sufuria ya mama, nikafagia. Mvua ikaanza. Nikasimama katikati ya sebule nikisikiliza kila kona, hakuna tone.

"Hodi," sauti ikasema.

Baba alikuwa mlangoni, kofia mkononi, mvua inamnyeshea mgongoni. Hakuvuka kizingiti. Nikangoja, kwa mazoea, mtu ajibu. Katika nyumba ile tangu nizaliwe aliyejibu hodi ni yeye.

"Hodi humu ndani," akarudia, kwa subira, kama mtu aliyekuja mara ya kwanza.

"Karibu, Data," nikasema. "Karibu ndani."

Akafuta miguu. Akaingia, akatazama juu kwa muda mrefu, akatazama sakafu kavu. Kisha akanigeukia na kofia yake.

"Nikae wapi?" akauliza.

Nikamvutia kiti chake.